Prosesa yenye viini vikubwa na vidogo: mwongozo kamili wa kuitumia ipasavyo kwenye Linux, Windows na macOS

Kompyuta nyingi zinazouzwa sasa zina prosesa ambayo viini vyake (core, sehemu zinazofanya hesabu) havilingani. Vipo vikubwa, vyenye kasi na vinavyokula umeme mwingi, na vipo vidogo, vyenye kasi ya wastani lakini vinavyoridhika na umeme kidogo. Simu ndizo zilizotangulia: Arm ilitangaza mpango wake wa big.LITTLE mwaka 2011, kiini cha Cortex-A15 kikipangwa pamoja na Cortex-A7. Apple ikauleta kwenye Mac kwa M1 ya Novemba 2020, viini vinne vikubwa na vinne vidogo. Intel ilianza na Lakefield mwaka 2020, kiini kimoja kikubwa na vinne vidogo, kisha mwaka uliofuata kizazi cha 12 cha Core kikaufanya mpango huo kuwa jambo la kawaida.

Mzigo umeuangukia mfumo endeshi. Kwa miaka mingi mratibu wa kazi ndani ya keneli (moyo wa mfumo endeshi) alijiuliza swali moja: kiini kipi kiko huru? Sasa lazima ajiulize pia kazi hii inastahili kiini cha aina gani, na jibu mara nyingi halimo ndani ya mashine. Kubana video kwa ajili ya hifadhi ya usiku, na kubana video hiyo hiyo huku mtu amekaa mbele ya skrini akiisubiri, ni hesabu zile zile. Prosesa haioni tofauti. Anayeijua tofauti ni wewe.

Ndiyo maana mwongozo huu unasimama juu ya shauri moja: uambie mfumo kazi yako ni ya namna gani, kisha uuachie uchaguzi wa kiini. Watu wengi huanzia upande wa pili. Wanazifunga programu kwenye viini fulani kwa nguvu, halafu wanashangaa mashine imekuwa nzito kuliko awali. Kufunga kuna mahali pake, lakini mahali pake ni karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Jua ulicho nacho

Kwenye Linux, fungua terminali uandike:

lscpu -e

Tazama safu ya CORE na ya MAXMHZ. Namba mbili za CPU zikiwa na CORE moja, hicho ni kiini kikubwa chenye nyuzi mbili, yaani kinachoendesha mifululizo miwili ya maagizo kwa pamoja. Kwenye Core i9-12900K, kwa mfano, utaona CPU 0 hadi 15 zikienda mbili mbili na kasi yake ikipita 5000, kisha 16 hadi 23 zikisimama moja moja kwenye 3900. Viini vidogo vinne vinne vinatumia kashe moja ya L2 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa), na hilo pia linaonekana kwenye orodha hiyo. Kwa prosesa za Intel kuna njia fupi zaidi:

cat /sys/devices/cpu_core/cpus
cat /sys/devices/cpu_atom/cpus

Faili ya kwanza inakupa vikubwa, ya pili vidogo. Yaandike majibu haya mahali, yatatumika tena. Ukikuta faili hizo hazipo kwenye mashine ya Intel, basi prosesa yako ina viini vya aina moja, au keneli yako ni ya zamani mno kuweza kuvitofautisha.

Kwenye mashine za Arm, soma /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpu_capacity, kisha cpu1 na kuendelea. Kiini chenye nguvu kuliko vyote hupewa 1024, na vingine hupimwa kwa kulinganishwa nacho. Kwenye Mac yenye prosesa ya Apple:

sysctl hw.perflevel0.physicalcpu hw.perflevel1.physicalcpu

Ngazi ya 0 ni vikubwa, ya 1 ni vidogo.

Windows inakutaka upige hesabu kidogo. Fungua Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa CPU, usome idadi ya viini na idadi ya prosesa za kimantiki. Kwenye i9-12900K utaona 16 na 24. Tofauti yake, 8, ndiyo idadi ya viini vikubwa, kwa sababu ni vikubwa tu vyenye nyuzi mbili. Hesabu hii haifai kwa Lunar Lake wala Arrow Lake za mwaka 2024, ambazo Intel aliziondolea nyuzi mbili kabisa. Kwa hizo soma maelezo ya modeli yenyewe.

Angalia pia kama una aina ya tatu. Meteor Lake, iliyotoka Desemba 2023, ina viini viwili vidogo zaidi vilivyokaa kwenye kipande kingine cha chipu, mbali na kashe ya L3. Kwenye lscpu utavitambua kwa MAXMHZ iliyo chini kuliko zote. Kazi nzito ikiangukia hapo utaisikia.

AMD alichagua njia tofauti. Viini vyake vya Zen 4c na Zen 5c ni muundo ule ule uliobanwa ili uchukue nafasi ndogo: maagizo ni yale yale, nyuzi mbili zipo, ila kasi ya juu imepungua. Ryzen AI 9 HX 370 ina viini vinne vya Zen 5 na vinane vya Zen 5c. Pengo kati yao ni dogo kuliko la Intel, kwa hiyo madhara ya mratibu kukosea ni madogo pia. Ryzen 9 7950X3D ni kisa kingine: nusu moja ya viini ina kashe kubwa ya ziada, nusu nyingine ina kasi zaidi. Hapo hakuna kikubwa wala kidogo. Michezo mingi hupenda kashe, kazi nyingine hupenda kasi.

Hatua ya 2: Mfumo uwe na umri unaofaa

Kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 12, tumia Windows 11. Ndani ya prosesa hizo kuna kifaa kinachoitwa Thread Director, ambacho hutazama kila uzi unafanya maagizo ya namna gani na kuandaa jedwali linalouambia mfumo endeshi kila kiini kitaupa uzi huo kasi kiasi gani na kwa gharama gani ya umeme. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, iliandikwa ikiwa na mratibu anayejua kulisoma jedwali hilo. Windows 10 itafanya kazi, lakini itakuwa inabahatisha zaidi.

Kwenye Linux, keneli 5.18 ndiyo iliyoanza kulisoma jedwali la Intel kupitia kiendeshi cha HFI (Hardware Feedback Interface), na matoleo yaliyofuata yaliendelea kurekebisha jinsi nyuzi zinavyosambazwa. Ukiweza, tumia 6.6 au 6.12, zote za matunzo ya muda mrefu. Mpangilio unaotafutwa ni huu: uzi mzito wa kwanza uende kwenye kiini kikubwa kilicho huru, vikubwa vikijaa, uende kwenye vidogo, na uzi wa pili wa kiini kikubwa utumike mwisho kabisa. Wengi hawalitarajii hilo, lakini lina mantiki. Kiini kidogo kizima kina nguvu kuliko nusu ya kikubwa kinachogombaniwa.

Kwa Arm, Linux ina EAS (Energy Aware Scheduling, upangaji wa kazi unaozingatia umeme) tangu keneli 5.0 ya mwaka 2019. Mratibu huyu ana jedwali la umeme wa kila kiini katika kila kasi, na kabla ya kuuamsha uzi hupiga hesabu ya wapi utagharimu kidogo huku ukitosheka. Anafanya hivyo mashine ikiwa na nafasi tu. Kiini kimoja kikipita asilimia 80 hivi ya uwezo wake, EAS huachia ngazi na mratibu wa kawaida hurudi kusawazisha mzigo. EAS pia hudai schedutil ndiyo iwe inayopanga kasi, na hukataa viini vyenye nyuzi mbili, jambo lililoiweka mbali na prosesa nyingi za Intel. Ukitaka kujua kama imewashwa:

cat /proc/sys/kernel/sched_energy_aware

Sasisha na BIOS, programu ya bodi mama inayoiwasha kompyuta. Jedwali hizi hutegemea taarifa zinazotoka huko.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kugusa chochote

Anzisha kazi yako ya kawaida, iache ishike kasi, kisha tazama nyuzi zinakimbilia wapi:

ps -eLo psr,pcpu,comm --sort=-pcpu | head

Safu ya psr ni namba ya CPU ambako uzi ulionekana mara ya mwisho. Irudie amri hiyo mara kadhaa, maana nyuzi huhamahama. Unachotafuta ni kitu kimoja: uzi unaokula karibu asilimia 100, unaousubiri wewe, ukiwa umekaa kwenye CPU 19 wakati 0 hadi 15 zimelala. Hilo ndilo kosa la mratibu. Uzi kupita kwenye kiini kidogo kwa sekunde moja na kuondoka si kosa, usihangaike nalo.

Ukitaka jumla badala ya picha ya papo hapo, chombo cha perf huhesabu kila aina ya viini peke yake:

perf stat -e cpu_core/cycles/,cpu_atom/cycles/ ./programu

Kwenye Mac, sudo powermetrics --samplers cpu_power itakuonyesha kila kundi la viini limeshughulika kiasi gani. Kwenye Windows, bofya grafu ya CPU kwa kitufe cha kulia, ubadilishe ionyeshe prosesa za kimantiki.

Pima ukiwa kwenye chaji, kisha ukiwa kwenye betri. Malalamiko mengi ya "viini vidogo vinanipunguzia kasi" huishia hapa: mashine ilikuwa kwenye hali ya kubana umeme na mfumo ulifanya kile kile ulichoamriwa. Kwenye Windows hali hiyo iko kwenye mipangilio ya nishati. Kwenye Linux andika powerprofilesctl get, au soma faili ya energy_performance_preference iliyo ndani ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq. Ikiwa imeandikwa power, umepata jibu na unaweza kuishia hapa.

Hatua ya 4: Uambie mfumo kazi ni ya namna gani

Hapa ndipo mifumo inapotofautiana kabisa, na kwa maoni yangu Apple ndiye aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Kwenye macOS kila uzi hubeba daraja la huduma: kuna la kitu ambacho mtumiaji anakigusa sasa hivi, la kitu alichokiomba na anakisubiri, la kazi ndefu, na la kazi za nyuma ya pazia. Uzi wa daraja la mwisho hubaki kwenye viini vidogo hata kama vikubwa vyote havina kazi. Ndiyo sababu Time Machine hunakili mafaili siku nzima bila mtu kuisikia. Kuishusha programu yoyote kwenye daraja hilo ni amri moja:

taskpolicy -b ./programu

Kama tayari inakimbia, tumia taskpolicy -b -p na namba ya mchakato wake. Herufi kubwa -B huirudisha. Hakuna njia ya kuufunga uzi kwenye kiini fulani kwenye Mac hizi, na watu huishi vizuri bila hiyo.

Windows 11 ina kitu kinachofanana. Programu inaweza kujitangaza kuwa ya kubana umeme, na wewe unaweza kuilazimisha: kwenye Task Manager ibofye kwa kitufe cha kulia, uchague Efficiency mode. Tatizo la kawaida zaidi ni kinyume chake. Umeanzisha kazi nzito, umelipunguza dirisha lake, na Windows ikadhani huihitaji tena. Kama programu hiyo imebanwa, itoe kwenye mbano:

powercfg /powerthrottling disable /path "C:\njia\programu.exe"

Weka njia halisi ya programu yako, kisha uianzishe upya.

Linux iko nyuma kidogo kwenye suala hili, na kuna dhana moja inayopoteza watu muda mwingi. Amri ya nice haihamishi kazi kwenda kwenye viini vidogo. Inagawa muda tu pale nyuzi mbili zinapogombea CPU moja. Ukiwa na viini vilivyo huru, kazi yenye nice 19 inaweza kukaa kwenye kiini kikubwa kwa raha zake na kumaliza betri. Kwenye mashine za Arm chombo sahihi ni uclampset, kinachomwambia mratibu auchukulie uzi huu kana kwamba mzigo wake hauzidi kiasi fulani:

uclampset -M 256 ./programu

Kipimo ni kile kile cha 1024. Uzi wenye dari ya 256 utaonekana mdogo machoni pa mratibu, hata ukiwa unachapa kazi, na EAS itaupendelea kiini kidogo. Kwa Intel kwenye Linux, kwa kazi za nyuma ya pazia, utalazimika kuruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 5: Itazame programu yenyewe

Kama unaandika programu, hatua hii ina faida kuliko nyingine zote, kwa sababu kuna makosa ambayo hakuna mratibu awezaye kuyaokoa.

Chukua mfano huu. Una vipande 1600 vya kazi na nyuzi 16, viini vinane vikubwa na vinane vidogo. Tuseme kikubwa kinamaliza vipande 10 kwa sekunde na kidogo 5. Ukigawa sawa kwa sawa, kila uzi unapata vipande 100. Vikubwa vinamaliza kwa sekunde 10, kisha vinakaa. Vidogo vinamaliza kwa sekunde 20, na kazi nzima imechukua sekunde 20. Sasa vizime vidogo vyote, uwape vikubwa vinane kazi yote: vipande 80 kwa sekunde, jumla sekunde 20. Ni sawasawa. Viini vinane vimechoma umeme bure, na mwenye programu atasema prosesa ni mbovu. Lakini uwezo wa vyote kwa pamoja ni vipande 120 kwa sekunde, na kazi ingeisha ndani ya sekunde 13 na kidogo kama kila uzi ungechukua vipande vichache, ukamaliza, ukarudi kuchukua vingine.

Kwenye OpenMP (njia ya kugawa kazi kwa nyuzi katika C, C++ na Fortran) badiliko hilo ni neno moja: schedule(static) liwe schedule(dynamic) au schedule(guided). Kwenye lugha nyingine tumia foleni ya pamoja ya kazi ndogo ndogo. Programu zinazofanya hivyo tayari, kama make -j inavyokusanya faili moja moja, hazina shida na viini mchanganyiko.

Pili, usikumbuke sifa za kiini ulichoanzia. Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea kwenye Exynos 8890 ya Galaxy S7, ambamo viini vikubwa vya Samsung vilikuwa na mstari wa kashe wa baiti 128 na vidogo vya Cortex-A53 baiti 64. Maktaba iliyokuwa ikisafisha kashe ya maagizo ilisoma ukubwa wa mstari mara moja na kuuhifadhi. Programu za Mono (mfumo wa kuendesha programu za .NET) zilizoanza kwenye kiini kikubwa kisha zikahamishiwa kidogo ziliruka nusu ya mistari wakati wa kusafisha, zikatekeleza maagizo ya zamani, zikaanguka kwa namna isiyoeleweka. Ukilazimika kujua sifa ya aina hiyo, chukua thamani iliyo salama kwa viini vyote.

Maagizo yenyewe ndiyo yanayofanya hatari hii iwe ndogo kwenye kompyuta za kawaida: mfumo unaweza kuuhamisha uzi wakati wowote, kwa hiyo viini vyote lazima vielewe lugha moja. Ndiyo sababu Alder Lake (kizazi cha 12 cha Core) ilipoteza AVX-512, maagizo ya kuchakata data nyingi kwa mpigo, ingawa viini vyake vikubwa viliumbwa nayo. Vidogo havikuwa nayo. Upande wa Arm kuna ubaguzi mmoja, chipu ambazo baadhi ya viini vyake tu ndivyo vinavyokubali programu za biti 32, na Linux ilianza kuzikubali kwenye 5.15 kwa chaguo la kuwashia la allow_mismatched_32bit_el0.

Hatua ya 6: Kufunga kazi kwenye viini

Ukishapima, ukashindwa kwa njia zilizotangulia, funga. Tumia orodha ya mfumo wenyewe badala ya namba ulizozikariri, maana mashine nyingine itakuwa na mpangilio mwingine:

taskset -c $(cat /sys/devices/cpu_atom/cpus) ./hifadhi-ya-usiku.sh

Kila mchakato utakaozaliwa na huo utarithi kifungo hicho. Kwa huduma za kudumu, weka AllowedCPUs=16-23 kwenye faili ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux); ni imara kuliko taskset, kwa sababu programu haiwezi kujifungua. Docker ina --cpuset-cpus. Kwenye Windows, kwa i9-12900K, start /affinity FFFF huziweka nyuzi kwenye viini vikubwa na FF0000 kwenye vidogo.

Funga kazi za nyuma kwenye vidogo. Mara chache sana funga kazi za mbele kwenye vikubwa. Ya kwanza inaacha nafasi. Ya pili inaondoa nafasi: uzi uliofungwa ukikuta kiini chake kina mwenyeji mwingine utasubiri, hata kama viini vinane vya jirani havina kazi. Kwa watengenezaji wa programu za Windows, CPU Sets ni bora kuliko kifungo kigumu, kwa sababu mfumo huzichukulia kama pendekezo.

Kuzima viini vidogo kabisa kwenye BIOS sikushauri, isipokuwa kwa programu ya zamani inayokataa kufanya kazi navyo. Ilitokea kwa baadhi ya michezo mwaka 2021: kinga yake dhidi ya wizi iliviona viini vidogo kama kompyuta nyingine. Bodi mama nyingi za wakati huo ziliwekewa chaguo la kuvilaza vidogo kwa kitufe cha Scroll Lock, na hilo linatosha bila kuvizima moja kwa moja.

Hatua ya 7: Mashine pepe

Mfumo ulio ndani ya mashine pepe (kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) kwa kawaida hauambiwi kama CPU yake iko juu ya kiini kikubwa au kidogo. Unapanga kazi kana kwamba zote ni sawa, na kasi inapanda na kushuka bila sababu inayoonekana. Kwa hiyo hapa nashauri kufunga bila kusita: kila mashine pepe ipewe viini vya aina moja, kwa virsh vcpupin kwenye KVM ya Linux. Seva ya hifadhidata kwenye vikubwa, mashine za majaribio kwenye vidogo.

ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, ni mkali zaidi. Ikikuta viini visivyolingana wakati wa kuwaka, inasimama na skrini ya zambarau. Bonyeza Shift+O mwanzoni, uongeze cpuUniformityHardCheckPanic=FALSE, kisha uiweke kwenye mipangilio ya kudumu, la sivyo skrini itarudi utakapowasha tena.

Baada ya kila badiliko, rudia vipimo vya hatua ya 3 kwa kazi ile ile, kwenye chaji na kwenye betri, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kifungo ambacho hakikupunguza muda wala umeme, kiondoe siku hiyo hiyo kabla hujasahau kwamba kipo.